Shuhuda Zetu Zina Haraka

Mtu akisimama kutoa ushuhuda katika kanisa lolote huku Cheptais, unaweza kukisia atakachosema kabla hajafungua mdomo. Kwanza ni "Bwana asifiwe", na akiitikiwa kivivu atarudia. Halafu atasema ameokoka na anampenda Yesu kama mwokozi wake binafsi. Kisha inakuja shida: mtoto aliugua, ng'ombe alikufa, karo ilikosekana. Kisha maneno mawili yanayobeba hadithi nzima: "Lakini Mungu." Baada ya hapo mtoto amepona, karo imepatikana, makofi yanapigwa, wimbo unaanzishwa, na mwingine anasimama. Dakika tano zimeisha.

Nimekua nikisikiliza shuhuda hizi na sizidharau. Ndiyo fasihi simulizi iliyo hai zaidi tuliyo nayo. Watu ambao hawajawahi kununua kitabu cha hadithi wanajua kuchelewesha habari, kuiga sauti ya daktari, kuchekesha watu wakiwa bado na machozi. Nina lalamiko moja tu, nalo ni kubwa: shuhuda zetu zina haraka ya kufika mwisho mwema. Asiye na mwisho mwema zinamwacha nje.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Ushuhuda wa namna hii ulienezwa sana na Uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapitia Uganda hadi Kenya. Walokole wa wakati ule walisimama mbele ya wenzao kuungama. Mtu alitaja alichoiba na aliyemchukia, kisha akaenda kurudisha mali ya watu. Wakati wa Mau Mau, miaka ya 1950, wapo waliouawa kwa kukataa kula kiapo. Ushuhuda ulimgharimu anayeutoa. Leo umegeuka kuwa ripoti ya maendeleo. Msimulizi hana kosa, ana adui tu, na adui ameshashindwa kabla hatujaambiwa alifananaje.

Wanaopenda mtindo huu huniambia ndivyo Biblia ilivyo. Mimi nawaomba waisome tena. Kitabu cha Ayubu kina sura 42. Kwenye matanga mhubiri husoma 2 za kwanza, mtu mwema aliyepoteza kila kitu na bado hakumkufuru Mungu, kisha anaruka hadi ile ya mwisho, mali ikirudi maradufu. Katikati zimebaki sura 39, na humo ndimo kitabu kilimo. Humo Ayubu anailaani siku aliyozaliwa na kumdai Mungu aje wajibizane kama watu walio mbele ya hakimu. Marafiki zake wanamjibu kwa maneno mazuri ya dini, yale yale tunayowaambia wafiwa: kuna sababu, jichunguze, vumilia. Mwishowe Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu. Na hata ule mwisho mwema uangalie vizuri. Mifugo imerudi maradufu, lakini watoto ni 10 kama mwanzo, na wale 10 wa kwanza hawafufuki. Mwandishi alijua kuhesabu.

Maombolezo nayo ni mashairi 5 juu ya mji ulioteketezwa. Tumaini limo, tena la kupendeza, ila limewekwa katika shairi la 3, katikati kabisa. Baada yake maombolezo yanaendelea, na kitabu kinafungwa kwa hofu kwamba huenda Mungu amewakataa watu wake kabisa. Zaburi ya 88 inaishia gizani. Waliokusanya vitabu hivi wangeweza kuongeza mstari mmoja wa shangwe mwishoni. Hawakuongeza, na bado wakaviita maombi.

Mbona nasumbuka na mambo ya mpangilio wa hadithi? Ni kwa sababu ya mahali tunapoishi. Huku Mlima Elgon, ugomvi wa mashamba ya Chebyuk, mradi wa makazi ulioanzishwa na serikali mwaka 1971, ulizaa kundi la SLDF, ambalo kuanzia 2006 liliua watu, likachoma nyumba na kuwakata wengine masikio. Machi 2008 serikali ikaleta jeshi, ikaiita Operesheni Okoa Maisha. Kiongozi wa kundi hilo, Wycliffe Matakwei, aliuawa Mei mwaka huo. Lakini wanaume walisombwa kwa wingi, wengi wakapelekwa kambi ya Kapkota kuchujwa, na mashirika ya haki za binadamu yakaandika habari za mateso yaliyotendeka humo. Ripoti ya Human Rights Watch ya 2011 ilisema watu zaidi ya 300 walichukuliwa, wengine na kundi, wengine na vikosi vya serikali, na hawakuonekana tena. Jina la ripoti hiyo kwa Kiswahili ni kama kusema "Shikilia Moyo Wako". Hata kichwa cha ripoti kinajua kwamba kilichobaki kwa familia ni kushikilia.

Kesi ilipelekwa Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kule Arusha. Mwaka 2012 kitengo cha rufaa kikaamua kwamba ilichelewa, maana mkataba wa jumuiya unatoa miezi 2 tu ya kulalamika. Miezi 2! Mtu hata hajamaliza kuzunguka vituo vya polisi na vyumba vya maiti akimtafuta wake.

Sasa mke ambaye mumewe alichukuliwa mwaka ule atasimama aseme nini Jumapili? Hana kaburi la kupalilia. Sheria ya Kenya inakubali mtu asiyesikika kwa miaka 7 ahesabiwe kuwa amekufa, lakini kumhesabu mtu amekufa si kumzika. Akifika pale kwenye "Lakini Mungu", hadithi yake haina cha kuweka mbele. Nimewasikia wa namna hiyo. Husema Mungu amewalinda watoto, mniombee, kisha hukaa. Sekunde 30. Anapigiwa makofi kidogo, na wimbo unaanzishwa mapema kuliko kawaida, kana kwamba kuna kitu kimemwagika na lazima kifunikwe.

Kuna atakayesema kanisa si mahakama, watu huja kutafuta nguvu. Nakubali. Mama anayeamka saa kumi usiku kupanga vitunguu vya kupeleka sokoni anahitaji kitu cha kumwinua kitandani, na nimeona imani ikimwinua mahali ambapo serikali, jamaa na pesa zote zimeshindwa. Sisemi tuache kushangilia. Nasema shangwe isiwe ndiyo tiketi ya kupewa nafasi ya kusema.

Angalia hata kisa tunachokipenda kuliko vyote, cha wimbo wa Ni Salama Rohoni Mwangu. Kila mhubiri anakijua. Horatio Spafford, wakili wa Chicago, alipoteza mabinti 4 meli ya Ville du Havre ilipozama mwaka 1873, akaandika wimbo wa amani. Kisa kinakomea hapo, tunaimba. Lakini maisha yake hayakukomea hapo. Mwaka 1880 mtoto wake wa kiume alikufa kwa maradhi. Wapo waumini wenzao walioona kwamba misiba hiyo ni adhabu ya Mungu. Mwaka uliofuata familia ikahamia Yerusalemu. Kwa hiyo ule wimbo haukuandikwa na mtu aliyemaliza kuteseka. Uliandikwa na mtu aliyekuwa katikati ya njia, asiyejua kwamba bado kuna jeneza moja mbele. Nikiujua hivyo, mimi huuimba kwa moyo zaidi.

Haraka hii naijua pia kutoka upande wa mbele ya kanisa. Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, nilirudi nyumbani na Jumapili ya kwanza nikaombwa nishuhudie. Nikasimama. Nikasema mlango mmoja ukifungwa Mungu hufungua mwingine, ana mpango na mimi. Watu walipiga makofi kweli kweli. Sikuwa nimeona mlango wowote. Nilikuwa nimejifunza utanzu vizuri, basi.

Baada ya ibada mzee mmoja alinikuta nje akikokota baiskeli yake.

"Mwanangu, umeshuhudia vizuri," akasema. "Sasa wewe mwenyewe uko aje?"

Nikamwambia ukweli, kwamba silali na kwamba naona aibu kupita senta. Hakunijibu kwa andiko. Alikaa kimya kidogo akisukuma kengele ya baiskeli kwa kidole.

"Mimi kuna mtu ninayemngoja tangu 2008," akasema. "Hilo sijawahi kulisema pale mbele."

Mzee huyu huongoza maombi karibu kila Jumapili. Imani yake siitilii shaka hata siku moja, ni kubwa kuliko yangu. Amekwenda nayo miaka yote hiyo bila jibu, na bado anafika kabla ya kengele. Huo ndio ushuhuda mkubwa zaidi katika kanisa letu, nami niliusikia nje, karibu na ua, kwa sababu ndani hakuna mahali pake.

Wachungaji wetu wanaweza kuanza na jambo dogo. Mtu akisimama akasema, "Bwana asifiwe, mimi bado nangoja," waitikie "Amina", kisha wamwache amalize. Mwimbishaji asubiri kidogo.