Rambo au Braddock: mwongozo kutoka benchi la nyuma

Khocha wangu, kaka yake mama, hajawahi kukubali kwamba Rambo anafua dafu mbele ya Braddock. Tulianza kubishana zamani, katika kibanda cha mabati kando ya barabara ya Bungoma kwenda Chwele, si mbali na Kibabii. Kiingilio kilikuwa shilingi tano. Ndani mlikuwa na mabenchi, televisheni ya Great Wall ya inchi kumi na nne, na moshi wa jenereta ulioingia kila mlango ulipofunguliwa. Chuo Kikuu cha Kibabii kilikuwa hakijazaliwa. Leo wanafunzi wake wanabishana hivyo hivyo kwenye maduka ya kujaziwa muvi kwenye flashi, ila majina ndiyo mapya: huyu na The Lord of the Rings, yule na Batman watatu wa Christopher Nolan. Nawasikiliza nikisubiri kutolewa nakala zangu. Mmoja anasema hii ni moto, mwenzake anasema hapana, ile ndiyo moto, na baada ya nusu saa hakuna aliyesogea hata hatua moja. Wamekosa mizani. Mimi mizani yangu niliipatia kwa khocha, kwa kushindwa naye mara nyingi, na nitaionyesha kwa bidhaa tulizozipimia.

Upande mmoja weka Rambo tatu za mwanzo: First Blood ya 1982, ya pili ya 1985, na Rambo III ya 1988. Sylvester Stallone alirudi 2008 na tena 2019, lakini hizo ziache kando. Ukikaa miaka ishirini ndipo urudi shambani, unachokuta ni msitu. Upande wa pili weka Missing in Action za Chuck Norris, za 1984, 1985 na 1988, ambamo yeye ni Kanali James Braddock. Pande zote mbili kuna askari wa Marekani ambaye Vietnam haijamtoka mwilini, na pande zote mbili anarudi huko kuwachukua wenzake waliosahauliwa kwenye kambi za mateka. Tanzania ilimpa Rambo heshima ambayo Braddock hakuipata: mfuko wa plastiki uliitwa rambo, mpaka serikali ilipoipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2019. Khocha huutaja huo kuwa ushahidi wa upande wake. Kitu cha kubebea nyanya, anasema.

Kabla ya kupima chochote, zima msimuliaji, yule anayezungumza juu ya sauti ya filamu. Najua nayasema haya katika nchi ya DJ Afro, hatua chache kutoka Uganda ya VJ Jingo, na Watanzania wa rika langu watanikumbusha Lufufu. Wote nawavulia kofia. Kazi yao ni ufundi kamili na ina mizani yake, lakini ukitazama kanda iliyosimuliwa umempima msimuliaji, filamu bado hujaigusa. First Blood ndiyo inayoumia zaidi hapa. Rambo wa filamu ile karibu hasemi. Anatembea, anatazama, anaanguka kutoka kwenye jabali hadi mtini, kisha anaketi porini na kujishona mkono kwa sindano na uzi kama mtu anayeshona gunia. Msimuliaji hakulipwa anyamaze. Sindano inapopita nyamani ataingiza mzaha, benchi litacheka, na pale ambapo filamu ilitaka ushike mkono wako mwenyewe, utakuwa umeshika mbavu. Braddock hapungukiwi kitu akisimuliwa. Wakati mwingine hata ananoga. Khocha huona hiyo ni sifa. Mimi huona kwamba filamu inayohitaji chumvi ya mtu mwingine ilipikwa bila chumvi.

Halafu hesabu waliokufa, na uulize kila kifo kimegharimu nini. First Blood inaanza na kijana mwenye koti la jeshi na begi la kulalia, anatembea kwa miguu kuingia mji mdogo wa milimani. Mkuu wa polisi anamsimamisha, hapendi nywele zake, anampakia garini na kumshusha ng'ambo ya daraja, nje ya mji. Kijana anageuka na kuanza kurudi. Sisi tuliokulia katika nchi ambamo kuzurura lilikuwa kosa la kukupeleka ndani hatukuhitaji tafsiri. Kila aliyewahi kuulizwa "unaenda wapi saa hizi?" na mwenye rungu alijua pale pale kwamba filamu imeanza. Na pamoja na bunduki zote zinazofuata, tunamwona mtu mmoja tu akifa: polisi anayemlenga Rambo kutoka kwenye helikopta, jiwe linarushwa, chombo kinayumba, anaanguka. Baada ya hapo Rambo anatoka mafichoni mikono juu, kujaribu kueleza kwamba hakutaka hivyo. Wanampiga risasi. Kifo kimoja, na ndicho kinachobeba uzito wa saa nzima iliyobaki.

Katika riwaya ya David Morrell ya 1972, ambayo filamu ilitokana nayo, Rambo mwenyewe hufa. Mwisho wa namna hiyo ulipigwa picha kabisa, kisha ukaachwa. Kirk Douglas, aliyekuwa amechukuliwa kuwa Kanali Trautman, mkuu wa zamani wa Rambo jeshini, aliondoka kwa sababu alitaka Rambo afe kama kitabuni, na Richard Crenna akaingia mahali pake. Alisimama imara kwa filamu zote tatu. Lakini ukijua habari hiyo utaielewa dosari ya zinazofuata: zinamwendesha mtu ambaye mwandishi alikwisha kumzika. Katika ya pili maadui wanaanguka kwa makumi, na katika ya tatu benchi letu liliacha kuhesabu. Mtu aliyetaka kueleza kifo kimoja sasa haelezi hata hamsini. Hapo khocha ana haki, na nilimpa.

Niliponyakua mzani mkononi mwake ni kwenye kidani.

Fundi wa filamu tatu humtambui kwa filamu yoyote peke yake. Mtambue kwa kile anachokivusha. Katika Rambo ya pili kuna mwanamke wa Kivietinamu aitwaye Co, aliyechezwa na Julia Nickson. Anavaa kijisanamu kidogo cha Buddha cha jiwe la kijani, na anasema kinampa bahati. Anauawa. Rambo anachana kipande cha nguo yake nyekundu, anajifunga kichwani, na kidani anakivaa shingoni. Ile leso nyekundu, ambayo watoto wa Bungoma nzima tuliiga kwa vipande vya magunia na sare kuukuu, ilikuwa nguo ya maiti. Miaka mingi nimeitazama bila kujua. Basi nenda kwenye ya tatu, ile ya Afghanistan, na utazame shingo ya Rambo. Kidani kipo. Hakuna anayesimama kukitolea hotuba, hakuna picha ya kukumbusha. Kipo tu, kama pete ya mjane. Mwishoni kinabaki kwa Hamid, yule mvulana mpiganaji. Rambo III ni filamu ya fedha nyingi, takriban dola milioni 60, na sehemu kubwa ya fedha hizo iliteketea kwa moto na vifaru. Kitu cha thamani kuliko vyote ndani yake kinatosha kwenye kiganja cha mtoto.

Sasa tafuta kidani cha Braddock. Mimi nimetafuta. Katika ya tatu anaambiwa kwamba mkewe Mvietinamu, aliyedhani amekufa wakati Saigon inaanguka mwaka 1975, yu hai, tena ana mtoto wake wa kiume. Habari nzito hiyo! Lakini filamu mbili zilizotangulia hazikuwa zimemtaja mke huyo hata kwa kupenga pua. Ni sawa na mgeni anayeingia matangani siku ya tatu na kudai yeye ndiye mfiwa mkuu. Usisingizie kubadilishwa kwa waongozaji: Braddock alikuwa na watatu, wa mwisho akiwa Aaron Norris, ndugu yake Chuck, lakini Rambo pia alikuwa na watatu. Tofauti ni kwamba kwa Rambo muziki ulibaki wa mtu mmoja, Jerry Goldsmith, toka mwanzo hadi mwisho, na alikuwapo mtunza vitu aliyehakikisha kidani kiko shingoni.

Hata hivyo Braddock alidhulumiwa, na hapa nataka msomaji anisikilize, kwa sababu wanafunzi wa kwenye flashi hawalijui hili. Ile inayoitwa ya pili, Missing in Action 2, ndiyo iliyotengenezwa itoke kwanza. Ndiyo inayoonyesha Braddock na wenzake wakiwa mateka chini ya Kanali Yin, kambini porini, wakivunjwa siku baada ya siku. Kampuni ya Cannon, ya Menahem Golan na Yoram Globus, ilipoziona zote mbili ikaipenda zaidi ile nyingine, ikaitoa mbele. Kwa hiyo dunia ilimpokea Braddock akiwa na hasira ambayo hakuna aliyejua imetoka wapi, na mwaka uliofuata ndipo ikaletewa sababu. Ukitaka kumtendea haki, anza na ya pili. Mtazame Soon-Teck Oh akimcheza Yin: adui mpole wa sauti, anayetaka sahihi tu kwenye karatasi, Braddock akiri makosa ya kivita basi yaishe. Mtazame Braddock akining'inizwa miguu juu, kichwa kikafungwa ndani ya gunia lenye panya hai. Gunia linatikisika. Damu inapita kwenye kitambaa. Linapovuliwa, panya amekufa na yumo kati ya meno ya Braddock. Kibanda chetu kilinyamaza kwa pumzi tatu kabla ya kulipuka. Ukitoka hapo ndipo uitazame ile ya 1984, na ufike pale kwenye mto: askari wanacheka ukingoni, maji yametulia, kisha polepole kinaibuka kichwa, mabega, na ile M60. Ukiwa umeliona gunia, huoni tena mchezo wa bunduki. Unaona mtu anayedai deni lake.

Filamu hiyo ya gunia naiweka juu ya Rambo III bila kusita. Ile ya Afghanistan ilikuwa inakimbizana na habari za redio na ikashindwa mbio: majeshi ya Kisovieti yalianza kuondoka Afghanistan tarehe 15 Mei 1988, filamu ikaingia sokoni tarehe 25. Siku kumi tu, mkate ukawa umelala.

Limebaki suala la uso, na hili haliamuliwi Hollywood, linaamuliwa huku. Khocha hampendi Braddock kwa sababu ya hadithi. Anampenda kwa sababu hapepesi macho. Kwa sisi Wabukusu, mwezi wa nane wa kila mwaka shufwa, kijana anayetahiriwa hupakwa matope mtoni alfajiri, huletwa nyumbani kwa baba yake na umati unaoimba, na husimama mbele ya kisu huku wajomba wakimtazama usoni. Wajomba ndio waamuzi wakali kuliko wote. Wanatafuta kope iliyotikisika. Chuck Norris, ambaye wahakiki wengi walimlaumu kwamba uso wake ni ubao, aliingia Bungoma akakuta watu wanaojua thamani ya ubao. Rambo, kinyume chake, mwisho wa First Blood anavunjika. Ameuteka mji, amekivamia kituo cha polisi, Trautman anaingia kumtuliza, na mtu yule aliyekuwa kimya filamu nzima anamwaga yote kwa mkupuo: rafiki aliyepasukia mikononi mwake, kazi anazonyimwa, usiku usioisha. Analia kama mtoto, na Trautman anamkumbatia. Kibandani miaka ile wa mabenchi ya mbele walizomea. Khocha alisimama akatoka nje.

Kwa mizani yangu, basi, Rambo anashinda kwa uzito wa kidani kimoja, na Braddock anabaki na filamu moja bora kuliko jina lake. Nilimpelekea khocha hukumu hiyo Desemba iliyopita, nyumbani kwake, pamoja na kompyuta yangu na First Blood isiyosimuliwa. Alikuwa hajawahi kuiona hivyo. Alikaa na kikombe chake cha chai mpaka chai ikafanya utando. Kwenye sindano hakucheka. Tulipofika kituo cha polisi, Rambo akaanza kulia, nikajiandaa kwa kuzomewa mimi na filamu yangu. Khocha aliegemea mbele, akamwangalia yule mtu usoni kwa muda mrefu, jicho la mjomba kabisa.

"Huyu amelia baada ya kisu," alisema. "Haina neno."

Nikaanza kutabasamu. Akaniwahi.

"Lakini Braddock hakulia kabisa, mwana wa dada. Weka ile ya panya."