Gasketi Mpya, Oili Bado Inavuja

Mashine ya kupukuchua mahindi ikianza kuvuja oili katikati ya msimu, mwenye mashine hana muda wa maelezo marefu. Anataka ifungwe, iwashwe, irudi kazini. Ndiyo maana injini tunayoichambua hapa ilikuwa imekwisha kubadilishwa gasketi ya kava ya ubavuni, ikazungushiwa silikoni nyekundu ya kutosha, na bado ikaendelea kutoa jasho. Ilipofikishwa kwa fundi wa pili, ubavu mzima ulikuwa umeganda tope la oili na makapi, na mkanda wa kuzungusha mashine ulikuwa ukiteleza kwenye puli.

Ni injini ya petroli ya aina ya 168F: silinda moja, kipenyo cha milimita 68, inapozwa kwa hewa. Hizi zimejaa kwenye pampu za umwagiliaji na mashine za kuchanganya zege, na umbo lake limefuata Honda GX160 ya cc 163 kwa ukaribu mkubwa. Haina pampu ya oili wala filta. Chini ya konrodi kuna kijiko kinachochota oili na kuirusha huku na huku, basi. Oili yote inayoingia humo ni kama lita 0.6 tu, kwa hiyo ikipungua robo lita umepoteza zaidi ya theluthi moja. Baadhi zina kihisi cha kuzima injini oili inaposhuka, lakini wako watu wanaokata waya wake kwa sababu "unazimazima injini".

Fundi hakufungua boliti hata moja siku hiyo mpaka alipojua oili inatokea wapi. Hapo ndipo ripeya nyingi za uvujaji hupotea njia. Oili hutiririka kwenda chini, feni ya injini nayo huipeperusha pembeni, hivyo panapolowa si lazima pawe ndipo panapovuja. Kwenye ubavu huo kuna washukiwa wanne waliokaa jirani: gasketi ya kava, sili ya shafti, mpira wa kizibo cha kujazia oili na boliti ya kumwagia. Aliosha injini yote kwa petroli na brashi, akaipuliza ikakauka, akapaka poda ya watoto kwenye maungio, kisha akaiwasha bila mzigo. Poda ililowa mstari mwembamba kwenye kona ya chini ya kava, mahali pamoja tu. Sili ilikuwa kavu.

Jambo la pili aliloliangalia ni bomba la kupumulia, lile linalotoka kwenye kava ya valvu kwenda kwenye chujio la hewa. Likiziba, au ringi za pistoni zikiwa zimechoka, presha hujikusanya ndani na kusukuma oili kwenye upenyo wowote. Injini ya namna hiyo utaibadilishia gasketi kila mwezi bila kupona. Bomba hili lilikuwa wazi.

Kazi ya kufungua haina maajabu. Oili ikamwagwa, tanki likatolewa, puli ikavutwa pamoja na kile kipande cha chuma kinachoifunga kwenye shafti. Injini ikalazwa upande wa kamba ya kuwashia ili kava itazame juu. Mlalo huo una sababu: ncha ya kamshafti imekaa ndani ya kava, na kava ikivutwa kwa pupa inaweza kutoka nayo. Ikitoka, lazima alama ya gia ya kamshafti irudishwe ikutane na alama ya gia ya krenki, la sivyo valvu zitafunguka wakati usio wake. Boliti sita za spana namba 12 zikalegezwa kidogo kidogo kwa kupishanisha, kisha kava ikagongwa taratibu kwa nyundo ya mpira.

Gasketi ya zamani ilitoka vipande vipande, na chini yake ndipo kisa kilipojieleza. Kwenye kona ileile iliyolowesha poda kulikuwa na alama ya bisibisi. Mtu alikuwa ameichomeka kati ya kava na blok ili kuibandua. Aluminiamu ni laini. Bisibisi ilipochimba, ilisukuma chuma pembeni na kuacha kinundu. Kinundu hicho kiliinua kava kiasi kisichoonekana kwa jicho, na gasketi ya karatasi haina uwezo wa kuziba pengo la namna hiyo upande mmoja huku ikibanwa sawasawa upande mwingine. Gasketi ya kwanza huenda ilichakaa kwa uzee. Ya pili iliharibiwa na aliyeifunga.

Hapa silikoni inahitaji kuzungumziwa kwa haki. Lawama yake ya kawaida, kwamba vipande vyake huziba pampu ya oili, haiigusi injini isiyo na pampu. Ubaya wake hapa ni mwingine: inampa fundi ruhusa ya kutosafisha na kutokagua. Tena unene wa gasketi kwenye injini ndogo nyingi umepigiwa hesabu, kwa kuwa ndio unaoamua shafti zicheze kiasi gani kwenda kushoto na kulia. Kwa sababu hiyo hiyo sipendi gasketi za kukata kwenye boksi la biskuti. Karatasi maalumu ya gasketi inauzwa, na ukikosa iliyokatwa tayari, itandaze juu ya kava na kuigongagonga kingoni kwa nyundo ya kichwa cha mviringo mpaka ijikate, almuradi unene ulingane na ule wa awali.

Usafishaji ulichukua muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Mabaki yalilainishwa, yakakwanguliwa kwa wembe uliolazwa, bila patasi wala msasa wa kuzungushwa na mashine, na sehemu ya ndani ilifunikwa kwa kitambaa ili uchafu usiingie kwenye beringi. Kinundu kilishushwa kwa jiwe la kunolea lililolazwa bapa. Kisha kava iliwekwa juu ya kioo kilichobandikwa msasa laini, ikasuguliwa kidogo kwa mkono. Palipong'aa ni palipoinuka, na mng'ao ulipoenea ukingo wote fundi aliridhika. Shimo la mchubuko lilibaki, lakini halikuvuka upana wa ukingo, na shimo lisilovuka halina pa kupitishia oili.

Kwa kuwa kava ilikuwa nje, sili nayo ilibadilishwa ingawa haikuwa na kosa. Bei yake ni ndogo, kazi ya kuifikia ndiyo ghali. Ncha ya shafti ilizungushiwa utepe ili mfereji wa kufungia puli usikwaruze mdomo wa sili mpya.

Gasketi ilikaa kavu juu ya pini mbili za kuongoza. Kukaza kulifanywa kwa kupishanisha pembe, kwa awamu, mpaka nyutoni-mita 24 ambazo Honda huzitaja kwa boliti hizo. Asiye na spana ya kupimia anaweza kukadiria: kwenye mpini wa sentimita 20, hiyo ni nguvu ya kama kilo 12 ukingoni. Ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani, na matundu ya aluminiamu yanayokutwa yamechanika nyuzi ni ya boliti zilizokazwa na watu wenye mikono mizuri na haraka nyingi.

Oili mpya ilijazwa injini ikiwa imekaa sawa, mpaka usawa wa mdomo wa tundu. Poda ikapakwa tena, injini ikaungwa na mashine na kupukuchua magunia kadhaa. Maungio ya kava yalibaki meupe. Poda ililowa sehemu moja tu, chini ya boliti ya kumwagia oili, ambayo washa yake ilikuwa imebondeka kwa kufungwa na kufunguliwa miaka yote hiyo. Ikawekwa mpya.