Neno "Oksidi": Asili Yake na Nafasi Yake katika Kiswahili

Oksidi, au oksaidi kama wengine waandikavyo, ni jina la kampaundi ya oksijeni na elementi nyingine moja. Mpenda lugha aweza kuuliza: je, haifai neno hili la kigeni liachwe, litumike la Kiswahili? Swali hili halijibiki pasipo kuitazama asili yake.

Neno hilo lilitungwa kwa makusudi. Mwaka 1787, mjini Paris, Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy walitoa kitabu cha kupanga upya majina ya kemia. Humo neno oxide liliundwa kwa mwanzo wa oxygène na mwisho wa acide, yaani asidi. Oxygène nalo lilijengwa kwa Kigiriki, maana yake "kizaa ukali", kwa kuwa Lavoisier aliamini kwamba kila asidi ina oksijeni. Mwaka 1810 Humphry Davy alieleza kuwa klorini ni elementi. Ikadhihirika kwamba asidi ya hidrokloriki haina oksijeni kamwe. Hoja ikafa, jina likabaki.

Hapa pana funzo. Wajerumani walilifasiri jina la oksijeni, wakaiita Sauerstoff, yaani "kitu kikali". Hata leo kosa la Lavoisier lasikika wazi katika lugha yao. Mswahili asemapo oksijeni hasikii ukali wowote. Neno la kukopa limemwepusha na kosa ambalo tafsiri ingemletea.

Yasemwe nini basi juu ya maneno yaliyomo tayari? Kutu ni oksidi ya chuma iliyoshika maji, wala haiwezi kuwa jina la oksidi zote. Chokaa itokayo tanuuni ni oksidi ya kalsiamu. Ikitiwa maji hugeuka kitu kingine, lakini Mswahili huiita chokaa vile vile. Wanakemia wa kale wa Ulaya walijaribu njia hiyohiyo: madini yaliyoungua waliyaita calx, neno la Kilatini la chokaa. Walidhani kwamba madini yakiungua hupoteza kitu. Lavoisier alipoonyesha kwamba huongezeka kwa kushika oksijeni, jina la zamani halikufaa tena.

Kwa hiyo kutu na chokaa zibaki mahali pake, na neno la kukopa lishike kazi yake. Lililobaki ni umbo. Oksidi lafuata maandishi ya asili, oksaidi lafuata matamshi ya Kiingereza. Kila moja lina hoja. Lakini achaguaye oksidi hana budi kuandika kloridi na salfidi, na achaguaye oksaidi aandike kloraidi na salfaidi. Kuchanganya njia mbili katika kitabu kimoja ndiko kunakomdhuru mwanafunzi, kwani kwamficha kwamba mwisho wa maneno hayo ni mmoja.