Breki Iliyopoa Haijapona

Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 hivi za kona, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Juu uko karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Chini, karibu 400. Jirani yangu aliishuka njia hiyo na gari la abiria saba likiwa limejaa, gia iko D mwanzo hadi mwisho, mguu hautoki kwenye breki. Walipopita Soni, harufu ya kuungua ikaingia ndani. Walipokaribia Mombo, pedeli ikalegea na kuzama. Akaipampu mara kadhaa, akapata breki kidogo, akaegesha. Baada ya saa moja pedeli ilikuwa ngumu kama kawaida, naye akaendelea na safari akiamini yameisha.

Tupige hesabu. Gari la kilo 1,800 likishuka mita 1,000 linaachia nishati inayotosha kuchemsha lita 50 hivi za maji ya bomba. Upepo na matairi huchukua sehemu yake. Injini nayo huchukua fungu kubwa, lakini mpaka uiweke kwenye gia ndogo. Ukiiacha kwenye D, mzigo karibu wote unaangukia diski na pedi.

Joto hilo hupenya pedi, likapita kwenye pistoni na kufika kwenye mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205. Ikishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kiwango chake cha chini ni 140 tu. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanika: unakanyaga, nguvu inaishia kuubana mvuke badala ya kusukuma pistoni. Gari likipoa, mvuke unarudi kuwa maji na pedeli inakaza. Hapo ndipo jirani yangu alipodanganyika. Kilichochemka kilikuwa bado kimo ndani, kikisubiri mteremko mwingine.

Kesho yake nilimsindikiza gereji. "Fundi, niwekee pedi mpya tu," alisema. Fundi akatikisa kichwa: "Subiri bosi, kwanza tujue joto lilianzia wapi." Jibu hilo ndilo lililookoa kazi nzima.

Alipiga jeki, akazungusha kila tairi kwa mkono. Matatu yalizunguka vizuri. La mbele kulia lilikuwa zito. Alipolifungua, pedi ya ndani ilikuwa imebakiza milimita 2, ya nje 7. Kalipa ya aina hii ina pistoni upande mmoja tu: pistoni husukuma pedi ya ndani, kisha kalipa yenyewe huteleza kwenye pini zake na kuivuta ya nje. Pini moja ilikuwa imeshika kutu. Kalipa haikuteleza wala kurudi, na pedi ya ndani ikawa inasugua diski hata mguu ukiwa umeinuliwa. Mteremko ulifichua tu ugonjwa wa siku nyingi. Pedi mpya juu ya pini ile zingeliwa vivyo hivyo.

Pini zilisafishwa zikapakwa grisi ya breki inayostahimili joto. Grisi ya kawaida huvimbisha raba. Mpira wa vumbi wa pistoni ulikuwa umekauka na kupasuka, kwa hiyo ulibadilishwa pamoja na sili yake. Diski ilikuwa na madoa ya bluu, alama ya joto kali, na unene wake ulizidi kipimo cha mwisho kilichochorwa juu yake kwa sehemu tatu za kumi za milimita. Kuikereza kungeishusha chini ya mpaka. Diski zote mbili za mbele zikawekwa mpya, na pedi pande zote mbili, ili gari lisivute upande mmoja.

Yakaja mafuta, yaliyotoka na rangi ya chai ya rangi. Hapa fundi alitaka kutumia chupa iliyokuwa wazi tangu kazi nyingine. Nilimpinga: chupa iliyokaa wazi imekwisha kunywa hewa, na tungekuwa tunarudisha maji tuliyokuja kuyatoa. Ikafunguliwa mpya. Alianza kutoa upepo kwenye gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, kama kitabu cha gari hilo kinavyoagiza, akiongeza mafuta kabla kopo halijakauka, hadi kila gurudumu likatoa mafuta safi yasiyo na mapovu.

Mwisho, pedi zilizoeshwa diski zake. Kwenye barabara tupu gari lilipunguzwa mwendo kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 15, mara nane, kwa kuachiana nafasi na bila kusimama kabisa. Ukisimama na kukaza mguu diski ikiwa moto, pedi huacha alama inayokuja kutetemesha usukani. Ndiyo maana pia baada ya mteremko mkali ni afadhali kwenda taratibu kilomita chache kwenye tambarare kuliko kuegesha papo hapo, ilimradi pedeli bado inashika. Kumwagia maji ni hatari zaidi: chuma cha moto kikipozwa ghafla huweza kupinda au kupasuka.

Wiki mbili baadaye tulishuka Lushoto tena, safari hii kwenye gia ya 2, breki ikikanyagwa kwa nguvu kidogo na kuachiwa, si kulaliwa. Mombo nikasogeza kiganja karibu na rimu ya kulia, kisha ya kushoto, bila kuzigusa. Joto lilikuwa moja.