Duru ya Pili Ndiyo Inayosema: Namna ya Kukipima Kiwanja cha Mashimo Tisa Chini ya Meru

Duru ya kwanza nilipiga mikwaju 47. Duru ya pili, mashimo yale yale tisa, kutoka tii zile zile, kwa fimbo zile zile, nilipiga 41. Katikati ya duru hizo mbili hakukuwa na mafunzo wala muujiza. Nilikunywa chai tu, nikarudi kiwanjani. Mikwaju sita iliyopotea asubuhi ilipatikana mchana, na safu hii inafuatilia ilikokuwa imejificha.

Nilikuwa Arusha Gymkhana, kiwanja cha mashimo tisa katikati ya jiji. Wageni wengi waliozoea mashimo 18 hukizunguka mara moja, wakarudi klabuni na hukumu mkononi: kifupi, au kigumu bila sababu, au grini zake hazieleweki. Hukumu hiyo nina shaka nayo. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na katika gofu ya kiwanja kidogo msemo huo unaweza kuhesabika kwa namba. Alama ya duru ya kwanza hupima ugeni wako. Alama ya duru ya pili ndiyo inayoanza kukipima kiwanja.

Mikwaju mitatu: macho na mlima

Nusu ya hasara yangu ilitokea kwenye grini. Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, uko kaskazini mwa jiji, na ardhi yote ya Arusha imelala kwenye miguu yake. Mito kama Themi na Naura inatoka huko juu na kushuka kusini. Mpira wa gofu ukiwa kwenye grini hufuata sheria ile ile inayofuatwa na maji.

Tatizo ni kwamba jicho halina habari. Ukisimama mahali ambapo ardhi yote imeinama upande mmoja, ubongo huuchukua mwinamo huo kuwa ndio usawa. Grini iliyoinama kidogo kuelekea kusini utaiona bapa. Iliyo bapa kweli utaiona imeinamia mlimani. Asubuhi nilisoma grini kwa macho ya mtu wa pwani, na mpira ukapita chini ya shimo mara tatu. Kedi wangu, kijana aliyenibebea mfuko, alinyamaza kwa heshima hadi nilipomuuliza. “Mzee, ukiona iko sawa, jua inashuka,” akasema. “Lenga upande wa mlimani.” Sentensi hiyo moja ilinirudishia mikwaju mitatu.

Kwa msomaji asiye na mwenyeji wa kumuuliza, iko njia ya kujipimia. Kasi ya grini hupimwa kwa kijiti chenye mfereji kinachoitwa stimpmita, kilichobuniwa na Edward Stimpson, Mmarekani, baada ya kushuhudia mashindano ya US Open ya mwaka 1935 pale Oakmont. Mpira huachiwa kutoka kwenye kijiti, kisha hupimwa umbali uliobingirika. Hata bila kijiti, uachie mpira kwa nguvu ile ile kwenye grini ya mazoezi, mara moja kushuka na mara moja kupanda.

Hapa wengi hukosea kwa kuchukua wastani wa kawaida. Tuseme kushuka mpira umekwenda futi 12, na kupanda umekwenda futi 6. Wastani wa kawaida ni 9, lakini mteremko huzidisha safari ya kushuka kuliko unavyopunguza ya kupanda, kwa hiyo 9 inakudanganya. Zidisha namba hizo mbili, zidisha tena kwa 2, kisha gawanya kwa jumla yake: 12 mara 6 mara 2 ni 144, gawanya kwa 18, unapata 8. Hiyo ndiyo kasi ya kweli ya grini. Nayo tofauti kubwa kati ya 12 na 6 inakuambia kwamba pale ulipodhani ni bapa, si bapa. Kwenye miguu ya Meru, kipimo hiki cha dakika tano kina thamani kuliko mipira kumi na miwili mipya.

Mikwaju miwili: hewa nyepesi, asubuhi baridi

Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, sawa na futi 4,600 hivi. Hewa ya huko ni nyepesi, mpira unapata upinzani mdogo, unakwenda mbali zaidi. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kuzidisha urefu wa mahali kwa futi na 0.00116 ili kupata asilimia ya nyongeza. Kwa Arusha jibu ni kama asilimia 5. Mkwaju unaobeba mita 150 Dar es Salaam utabeba karibu mita 158 hapa. Tofauti hiyo haifiki fimbo moja kamili, lakini kwenye grini ndogo inatosha kukupeleka nyuma kwenye majani.

Hesabu hiyo nilikuwa nayo kichwani tangu asubuhi, na ndiyo iliyoniponza. Nilianza kucheza mapema, katika miezi ambayo Arusha hutoka na sweta. Mpira baridi hauruki vizuri, hewa ya baridi ni nzito, na misuli haijaamka. Nilipunguza fimbo kwa sababu ya mwinuko, kumbe baridi ilikuwa imekwisha kunipunguzia. Mara mbili nikaanguka mbele ya grini. Mchana, jua lilipokuwa limetoka, hesabu ile ile ikafanya kazi.

Wachezaji wa kanda ya kaskazini wanaijua adha hii. Kiwanja cha TPC, kwenye mashamba ya miwa ya Arusha Chini kusini mwa Moshi, kiko takriban nusu ya mwinuko wa Arusha, na joto lake halina mzaha. Umbali wa barabara si mkubwa, lakini fimbo ile ile haina tabia ile ile.

Mkwaju mmoja: nyasi

Kuna nyasi mbili ambazo mchezaji wa nyanda za juu za Afrika Mashariki hana budi kuzifahamu. Moja ni ukoka, ule ule tunaoujua majumbani: jani jembamba, mpira hukaa juu yake vizuri. Nyingine ni nyasi ya kikuyu, yenye asili ya nyanda zetu hizi hizi, iliyosambaa hadi Australia na California. Shina lake nene hutambaa juu na chini ya ardhi, na jani lake hushika.

Ikikatwa chini, kikuyu huubeba mpira kama mto wa kulalia. Ikiachwa ikue, huukamata ufito wa fimbo na kuufunga uso wake, na mpira unakwenda kushoto kwa mpigaji wa mkono wa kulia. Kuubingirisha mpira kutoka kwenye nyasi hiyo kuelekea grini ni kuutupa: unashikwa, unasimama. Dawa ni kuunyanyua. Mkwaju wangu wa sita ulipotea hapo, kwa ukaidi wa kutaka kubingirisha mahali palipotakiwa kurusha.

Mashimo manne yasiyobadilika

Mikwaju sita hiyo ilitoka kwenye mashimo matano. Mashimo manne yaliyobaki yalinipa alama ile ile asubuhi na mchana. Hayo ndiyo ninayoyaita mashimo magumu ya kweli, kwa sababu kuyajua hakukunisaidia. Miti mikubwa imebana njia na kukulazimisha kuchagua upande. Grini ni ndogo na imeinama, kwa hiyo mpira unaoanguka upande usiofaa unakuachia kazi ambayo hakuna kedi wa kukusaidia. Urefu haukuwa na nafasi kubwa katika ugumu huo.

Upimaji rasmi unakubaliana na jambo hili kuliko watu wanavyodhani. Katika mfumo wa handikapu wa dunia, ulioanza kutumika mwaka 2020 chini ya R&A na USGA, kiwanja hutazamwa kwa macho ya wachezaji wawili. Kwa upande wa wanaume, wa kwanza ana handikapu sifuri na tii yake hufika yadi 250. Wa pili ana handikapu ya 20 hivi na hufika yadi 200. Wapimaji huanza na urefu, wakiurekebisha kwa mwinuko, upepo, mipindo na mpira unavyobingirika. Kisha huhesabu vikwazo shimo kwa shimo: upana wa njia, ukubwa wa grini na uso wake, majani marefu, mabanka, maji, miti.

Hutoka namba mbili. Reti ya kiwanja ni mikwaju inayotarajiwa kwa yule wa handikapu sifuri. Slopu inaonyesha kiwanja kinamwadhibu mchezaji wa kawaida kiasi gani zaidi. Tuseme wa kwanza anatarajiwa kupiga 70 na wa pili 92. Tofauti yao, 22, huzidishwa kwa 5.381 kwa wanaume, na slopu inakuwa 118. Kiwango cha kawaida ni 113. Cha chini kabisa ni 55 na cha juu ni 155. Kijito kinachokata njia kwenye yadi 200 hakimsumbui yule wa yadi 250, lakini kinamnyima usingizi mwenzake. Ndiyo sababu kiwanja kifupi kinaweza kuwa na slopu ya juu.

Kitu ambacho namba hizo haziwezi kubeba ni ugeni, na hilo si kosa lake. Kwa hiyo mchambuzi anayetaka kuwa mkweli anahitaji duru mbili: moja ya kulipia ada ya ugeni, nyingine ya kuandika.

Kumi na nane si amri

Wanaodharau mashimo tisa husahau kwamba 18 ilikuja kwa bahati. St Andrews huko Scotland palikuwa na mashimo 22 hadi mwaka 1764, yalipopunguzwa kuwa 18. Mashindano ya kwanza ya The Open, mwaka 1860, yalichezwa Prestwick kwenye kiwanja cha mashimo 12, kikazungukwa mara tatu. Uingereza hadi leo kuna Royal Worlington, mashimo tisa yanayoheshimiwa na wajuzi kuliko viwanja vingi virefu. Na tangu mwaka 2024 mfumo wa handikapu unaihesabu alama ya mashimo tisa papo hapo, bila kusubiri mengine tisa.

Hapa nyumbani ushahidi uko karibu zaidi. Madina Iddi wa Arusha Gymkhana amekuwa nguzo ya timu ya taifa ya wanawake kwa miaka mingi, na kiwanja cha klabu yake ni hicho hicho cha mashimo tisa.

Mwendo mfupi kuelekea mashariki, upande wa Usa River, kuna Kili Golf, kiwanja cha mashimo 18 kilichosanifiwa na David Jones kutoka Ireland ya Kaskazini, Meru ukiwa upande mmoja na Kilimanjaro upande mwingine. Ni kiwanja kipana, kilichochorwa na mkono mmoja kwa nia moja, na mgeni hukielewa mapema kwa sababu msanifu amekusudia aelewe: banka inaonekana, njia inajieleza. Gymkhana haijielezi. Inangoja uulize. Hizo ni fadhila mbili tofauti, na kuzipima kwa futi moja ni kuzionea zote.

Neno kwa klabu

Mashimo tisa yana udhaifu mmoja wa kweli: duru ya pili inaweza kuwa marudio. Tiba yake haihitaji ardhi mpya. Seti ya pili ya tii, iliyowekwa upande mwingine badala ya nyuma tu, hubadilisha pembe ya kuingilia grini. Mti uliokuwa pambo asubuhi unakuwa kizuizi mchana, na grini iliyopokea mpira kutoka kusini sasa inaupokea kutoka magharibi. Viwanja vidogo vya mikoani vyenye nafasi ya kufanya hivyo vifanye, viombe kupimwa kwa tii zote mbili, kisha vichapishe namba hizo kwenye kadi.

Nawe mchezaji, ukifika kiwanja usichokijua, chukua kadi yenye safu mbili. Jaza ya kwanza, kunywa chai, jaza ya pili. Kisha piga mstari chini ya mashimo ambayo alama haikushuka. Hukumu yako ianzie hapo.