Kwa Heshima ya Uwanja Mweupe

Kuzima moto ni kazi inayoonekana. Vijana wanakimbia na matawi mabichi, watu wanaitana, na kesho yake kuna habari ya kusimulia kisimani. Kuuzuia usifike nyumbani ni kazi ya mwezi Juni, ya mtu aliyeinama peke yake nyuma ya nyumba na jembe la mkono, na malipo yake ni kwamba Oktoba hakuna kilichotokea. Ninayetaka kumsifu ni huyu wa Juni, na nimsifu akiwa Yaeda Chini, kwa sababu bonde lile lina kila kitu ambacho moto unakitaka.

Yaeda iko chini ya nyanda za juu za Mbulu, upande wa kuelekea Ziwa Eyasi. Mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Mei, na baada ya hapo ni jua na upepo. Majani yanayostawi kati ya migunga na mibuyu hukauka yakiwa yamesimama. Wanaoishi humo wote wanaushika moto kwa namna yao: Mhadzabe anayerina asali hupanda mbuyuni na mwenge wa moshi, mfugaji wa Kidatoga hukoka moto bomani jioni, mkulima wa Kiiraqw huchoma visiki vya shamba jipya, na kila jiko la mafiga matatu hutoa majivu yanayoficha kaa. Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Ila upepo wa kiangazi hauulizi nia.

Tuanze na paa. Tembe ya zamani ya Wairaqw ilichimbwa kwenye mteremko, ikaezekwa kwa miti na udongo juu yake, hata aliyepita kwa mbali akaona kilima tu. Inaelezwa kwamba walijenga hivyo ili wasionekane na wavamizi wa Kimasai, na sina sababu ya kupinga. Lakini paa la udongo lina fadhila nyingine isiyotajwa sana: cheche ikitua pale haina cha kula. Leo bati limeshika nafasi yake, nalo haliwaki, ila lina udhaifu ambao mafundi wengi huuacha. Kati ya ukuta na bati hubaki uwazi, upepo unasukuma majani makavu humo, ndege wanajenga viota, na juu ya nyumba inayong'aa panakuwa na kiberiti kilichotegwa. Mwenye nyumba makini huziba upenu kwa udongo, na kila mwisho wa masika hupanda ngazi kuangalia.

Kisha uwanja. Mtazame mama anayejua kazi hii. Haanzi pale anapoona majani mengi, anaanzia ukutani. Urefu wa mkono na zaidi kidogo kutoka kwenye ukuta hauachi chochote, anang'oa na mizizi, maana jani lililokatwa litachipua na kukauka tena kabla kiangazi hakijaisha. Anafanya hivyo udongo ukiwa bado na unyevu wa mvua za mwisho, kwa sababu Agosti ardhi itakuwa imeshika kama saruji na jembe litadunda. Halafu anafagia, na anafagia kutoka nyumbani kwenda nje, kamwe si kinyume. Majani hayarundikwi ukingoni mwa uwanja, yanaingia shimoni. Majivu ya jana yanamwagiwa maji, yanakorogwa, yanamwagiwa tena, na mkono unapitishwa juu yake kupima joto. Mgeni anayeona uwanja mweupe anasema huyu ni msafi. Ni kweli, lakini amesema nusu.

Nusu ya pili ilithibitishwa mbali sana na Mbulu. Jack Cohen, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, alitumia miaka mingi kuchunguza kwa nini nyumba huungua katika moto wa porini, na akaonyesha kwamba mara nyingi si ukuta wa miali unaoziteketeza. Ni cheche zinazotangulia na upepo, zikatua kwenye majani makavu chini ya dirisha au kuni zilizoegemezwa ukutani. Kinachoamua ni hali ya nyumba yenyewe na ardhi inayoizunguka, kama mita 30 hivi. Siku hizi Wamarekani wanashauriwa kuacha mita moja na nusu ya kwanza bila kitu kinachoweza kushika moto. Bibi wa Yaeda hakuwa na futi kamba, lakini mkono wake ulielekea hukohuko.

Na lipo jambo linalonisumbua kila nikilikumbuka. Agosti 2023 mji wa Lahaina, Hawaii, uliteketea na watu wapatao 100 wakafa. Moto ule ulilishwa na nyasi zilizotanda kwenye mashamba ya miwa yaliyoachwa, na kati ya nyasi hizo zipo za asili ya Afrika, zilizopelekwa huko kuwa malisho ya mifugo. Nyasi zetu zilivuka bahari, lakini ng'ombe wa kuzila na watu wa kuzisimamia walipotoweka, zilibaki kusimama na kukauka. Kumbe Mdatoga anayepitisha kundi lake njia ileile asubuhi na jioni anafanya kazi kubwa kuliko anavyohesabiwa. Njia ya ng'ombe, pana na yenye vumbi tupu, ni kinga ya moto isiyolipiwa na mtu. Mbuzi nao wanapunguza matawi ya chini ya migunga, na moto wa majani unakosa ngazi ya kupandia juu ya mti.

Uzio una hekima yake pia. Boma la miiba mikavu linazuia fisi vizuri, ila likishika moto halina msamaha, na ndani yake kuna samadi kavu ambayo hufuka chini kwa chini siku nyingi huku juu inaonekana imepoa. Ndiyo maana nawapenda wanaopanda minyaa. Mnyaa mbichi umejaa utomvu, ni mnene, haupeleki moto wa majani mbio. Lakini si mti wa kuuamini ukalala: matawi yake yakifa yanawaka vizuri sana. Melvin Calvin, mwanakemia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1961, aliwahi kuufikiria mti huuhuu kuwa chanzo cha mafuta badala ya petroli. Kwa hiyo kila mwaka unapogolewa, mafu yanatolewa shinani, na anayepogoa anageuza uso, kwa kuwa utomvu ule ukiingia machoni unaweza kupofusha.

Kosa ninaloliona zaidi ni mabua. Baada ya mavuno watu huyaegemeza ukutani au kuyapanga juu ya banda yawe chakula cha ng'ombe, karibu na jiko, kwa urahisi. Yanahitaji kichanja chake mbali na nyumba, upande ambao upepo ukivuma utapeleka cheche porini na si mlangoni. Ni usumbufu, najua. Anayebeba mabua hayo ni mwanamke huyohuyo mwenye ufagio.

Kusafisha nako kuna mpaka. Wairaqw wamejulikana muda mrefu kwa kulinda udongo wao kwenye miteremko, na wao wangekuwa wa kwanza kukuambia kwamba eneo lililokwanguliwa ekari nzima litaondoka na mvua ya kwanza ya Novemba. Ufundi ni kuacha weupe karibu na nyumba, kisha ukoka mfupi, kisha miti iliyoachana na iliyopogolewa. Anayechoma kila kitu ili awe salama amejiondolea moto akajiletea korongo.

Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja, na leo vijiji kama Domanga na Mongo wa Mono vinapata fedha za hewa ukaa kwa kuiacha misitu isimame. Tangu hapo moto unaotoroka kwenye uwanja wa mtu mmoja unaunguza mali ya wengi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakataza kuchoma ovyo, na ni vyema, lakini faini haijawahi kung'oa jani nyuma ya nyumba ya ajuza asiyeweza tena kuinama. Hapo ndipo ningependa serikali za vijiji ziweke nguvu: msaragambo mmoja kila Juni, kabla udongo haujakauka, kwa ajili ya kaya za wazee na wagonjwa. Watu wanne wenye majembe mawili, fyekeo moja na ufagio wanaimaliza kaya moja asubuhi, pamoja na kuhamisha mabua.