Fundi Asiyezima Kitu

Mwaka 2005 watafiti wa vyuo vikuu vya Cambridge na Copenhagen walihamisha seva ya mchezo wa Quake 3 kutoka kompyuta moja hadi nyingine, huku wachezaji wakiendelea kurushiana risasi. Mchezo ulisimama kwa milisekunde 60 tu. Leo kazi hiyo ni ya kawaida katika vyumba vya seva: mashine pepe inahamishwa ikiwa hai, kompyuta iliyoibeba inazimwa ikarabatiwe, na mtumiaji hana habari.

Uhamisho uliofaulu husifiwa sana. Mimi huvutiwa na ule uliogoma, na fundi aliyeketi mbele yake bila papara.

Kwanza, jinsi unavyokwenda. Kurasa za kumbukumbu hunakiliwa wakati mashine bado inaziandika. Zilizobadilika hunakiliwa tena, na tena, mpaka zinazobaki ni chache kiasi kwamba mashine inaweza kusimamishwa kidogo na za mwisho zikavuka. QEMU, programu inayoendesha mashine pepe, isipoelekezwa vingine hujipa milisekunde 300 kwa hatua hiyo. Yote hayo hupita mtandaoni, na mtandao una vichochoro vingi.

Chukua mashine pepe za KVM zinazosimamiwa na programu ya libvirt. Mazungumzo na mzigo havipiti mlango mmoja. Kompyuta mbili hupatana kwa SSH kwenye poti 22, zikaulizana nafasi, zikakubaliana. Kumbukumbu zenyewe hupitia poti nyingine, kati ya 49152 na 49215. Aliyefungua 22 peke yake ataona kila kitu kinaitika, halafu uhamisho unakatika kwa ujumbe kwamba hakuna njia ya kuifikia kompyuta ya pili. Lakini njia ipo, na ping inajibiwa. Fundi mchanga atakesha akikagua jedwali la njia. Mzoefu anajua kuwa ukuta wa moto wa Linux ukipangwa kukataa pakiti kwa jibu la ICMP, mara nyingi kompyuta inayotuma hulipokea jibu hilo na kulitangaza kuwa ni ukosefu wa njia. Ujumbe haudanganyi, unaeleza kilichoonekana kutoka pale uliposimama.

Upo pia mtego wa jina. Unaweza kutoa amri kwa anwani ya namba na ikapokelewa vizuri, kumbe kompyuta ya pili hujitambulisha kwa jina lake, na ya kwanza inabaki ikilitafuta jina ambalo DNS haijawahi kulisikia. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye faili la majina. Tuendelee.

Penye utamu hasa ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti. Mtandao wa uhamisho umepangwa kubeba pakiti za baiti 9000, lakini swichi moja katikati imeachwa kwenye 1500. Muunganisho unafunguka, kwa sababu pakiti za kusalimiana ni ndogo. Kisha mzigo unaanza, pakiti kubwa zinapotea kimya kimya, na asilimia inaganda bila kosa lolote kuandikwa. Fundi mzuri hutuma ping yenye baiti 8972 na kukataza isikatwe vipande. Kwa nini 8972? Kwa sababu kichwa cha IP huchukua 20 na cha ICMP huchukua 8. Ukimwona mtu akiiandika namba hiyo bila kufikiri, mwachie kiti.

Wakati mwingine uhamisho hutangazwa kuwa umekamilika, na mashine inakuwa bubu. Huenda VLAN yake, yaani mtandao wake pepe, haikuruhusiwa kwenye poti ya swichi inayoelekea kompyuta mpya. Au swichi bado inatuma pakiti kwenye poti ya zamani, kama barua zinazopelekwa kwa mpangaji aliyekwisha hama. QEMU hulijua hilo, hivyo baada ya kuwasili hutoa tangazo la makazi mapya, mara 5 kwa kawaida, yote ndani ya muda mfupi sana. Lakini daraja la Linux lililowashiwa STP, itifaki ya kuzuia mizunguko mtandaoni, huishikilia poti mpya sekunde 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza kabla ya kupitisha chochote. Matangazo yote yanaishia mlangoni. Swichi nyingi hukumbuka anwani ya MAC kwa sekunde 300, kwa hiyo mashine isiyozoea kuanzisha mazungumzo inaweza kukaa dakika kadhaa bila kufikiwa, kisha ikapona yenyewe kabla hata fundi hajafika.

Hapo wengi hushangilia na kwenda kunywa chai. Ninayemsifu hufungua tcpdump, chombo cha kunasa pakiti, pande zote mbili na kuuanza uhamisho upya, atazame ni pakiti gani iliyotoka na isifike. Haanzishi upya huduma wala kompyuta, kwa sababu kufanya hivyo hufuta ushahidi. Akishapata chanzo na kukirekebisha, huirudisha mashine ilikotoka, maana kanuni za ukuta wa moto huandikwa kwenye kila kompyuta kivyake, na njia iliyo wazi kwenda inaweza kuwa imefungwa kurudi.